Wauzaji wa mtandaoni: nauli ya mzigo mnamkata vipi mteja bila kuitwa mwizi?

MamaVyombo

Wakuu habari za jioni. Leo nimeitwa mwizi kwa shilingi elfu sita, nimeona nije niseme yote hapa mnihukumu.

Nauza vyombo Kariakoo: hotpoti, sahani, majagi, chupa za chai. Duka liko ghorofa ya pili, kwenye korido ambayo hata mchana tunawasha taa, kwa hiyo wateja wangu karibu wote wanatoka kwenye simu, Instagram na statasi za WhatsApp. Jumanne dada mmoja wa Songea kachukua seti ya hotpoti tatu, 85,000. Nikamwambia nauli ni 12,000. Akalipa 97,000 bila neno. Alhamisi mzigo umefika mzima, hakuna hata kifuniko kilichochubuka. Nasubiri asante. Napokea picha: risiti ya ofisi ya basi iliyobandikwa juu ya boksi, imeandikwa kwa peni ya bluu, 6,000. Chini yake kaniuliza, "Dada, hii elfu sita nyingine ni ya nani?"

Hesabu yangu ni hii. Basi 6,000. Boda kutoka Kariakoo mpaka ofisi za mabasi Shekilango 3,000. Katoni ngumu 1,500, kwa sababu boksi la kiwandani linapasuka. Gundi na magazeti 500. Makato ya kutoa pesa kwa wakala nimeweka 1,000, maana hajaweka ya kutolea. Jumla 12,000. Nimemtumia mchanganuo huo, akajibu, "Sawa, lakini uliniambia nauli." Kisha kimya. Kimya chake kinaniuma kuliko angetukana.

Naomba wenye uzoefu. Mnakata vipi? Mnaificha kwenye bei? Mnaweka bei moja nchi nzima? Mimi sina mtaji wa kubeba nauli za watu.

KirobotoWaMbagala

Nimevuta kigoda. Endeleeni.

Mnyalukolo_84

Mimi sio muuzaji, ni mteja wa mkoani, kwa hiyo nisikilizeni kama mtu wa upande wa pili.

Kwanza dada pole. Pili, huyo mwenzangu wa Songea hakukasirikia pesa. Sisi huku kabla ya kuagiza Dar tunapiga hesabu: seti kama hiyo dukani hapa mjini ni laki moja na kidogo, nikiagiza inanifikia kwa 97,000, naokoa hela ya nyanya. Kumi na mbili yako aliikubali. Kilichomchoma ni kwamba umeita nauli kitu ambacho nusu yake sio nauli. Ungesema "gharama ya kukufikishia mzigo ni 12,000, kufunga na boda ndani yake", hiyo risiti angeiona na kuitupa.

Na nyie wengine mnaoandika "bei njoo inboksi", halafu tunabembelezana ujumbe kumi, nimeshalipa bidhaa, ndipo unaniambia "haya sasa tuma na ya kusafirishia". Hiyo ni tabia mbaya. Mtu akishalipa 85,000 hawezi tena kukataa hata ukimtajia elfu ishirini. Nishafanyiwa kwa zulia.

MzeeWaStendi

Nilikaa dirisha la mizigo miaka tisa kabla ya magoti kunigomea, naomba niseme bei ile inavyozaliwa.

Watu wanadhani kuna mzani. Upo, umelala chini ya meza na juu yake kuna madaftari. Karani anautazama mzigo wako, anaunyanyua kwa mkono mmoja, anakuuliza mambo matatu: unakwenda wapi, ndani kuna nini, una thamani gani. Basi. Kinachotuuma sisi ni nafasi kwenye buti. Boksi la hotpoti jepesi lakini limejaa hewa, na juu yake siwezi kuweka gunia la mchele, kwa hiyo umeninyang'anya nafasi mara mbili, pale ulipokaa na pale juu yako. Boksi la misumari ni zito kama dhambi lakini nalisukumia kwenye kona na mtu mwingine anakaa juu yake. Ndiyo maana mzigo uleule Jumatatu basi likiwa tupu ni elfu sita, na wiki ya kuelekea Krismasi ni elfu kumi na usinibishie.

Kwa hiyo muuzaji anayetaja nauli kamili kabla hajafika dirishani anabahatisha. Na anayebahatisha hujilinda kwa kuongeza. Mnachoita wizi mara nyingi ni woga.

Mambo mawili dada. Kwanza, hizo hotpoti zitoe kwenye boksi lake la kiwandani, ingiza ndogo kwenye ya kati, ya kati kwenye kubwa, vifuniko vigeuze, magazeti katikati. Boksi likipungua na bei inapungua, karani ana macho. Pili, piga picha ya risiti palepale dirishani umtumie mteja kabla basi halijaondoka. Akiipata kwako ni taarifa. Akiikuta kwenye boksi ni ushahidi.

Hesabu_Kali

Dada MamaVyombo, swali moja tu. Ile boda ya 3,000 ilibeba mzigo wa Songea peke yake?

MamaVyombo

Hapana. Siku hiyo ilikuwa na minne. Huo wa Songea, miwili ya Mbeya na mmoja wa Makambako.

Hesabu_Kali

Na hao watatu uliwakata boda kiasi gani?

MamaVyombo

Tatu tatu.

KirobotoWaMbagala

Aisee. Kigoda nimekiacha, nimekaa chini.

Hesabu_Kali

Msimcheke, tulio wengi tunafanya hivi na hatujui. Boda umelipa 3,000, umekusanya 12,000. Elfu tisa zimebaki kwenye pochi na zimeingia kwenye matumizi ya nyumbani, ndiyo maana hukuwahi kuziona. Mgao wa mteja wa Songea kwenye boda ni 750. Badala ya 12,000 alitakiwa kulipa 9,750. Kwa hiyo hakudai 6,000 kama anavyodhani, wala sifuri kama unavyodhani wewe. Anadai 2,250.

Halafu makato. Ukitoa pesa kwa wakala unatoa pesa ya biashara nzima, sio ya mzigo. Kodi ya fremu humkati mteja mmojammoja, hata gundi usimkate. Hayo yaingie kwenye bei ya hotpoti. Kwenye gharama ya kutuma acha vile tu ambavyo visingekuwepo kama mteja angekuja kuchukua mwenyewe: basi, mgao wa boda, katoni.

MamaVyombo

Nimekuelewa mkuu, na nimeona aibu kidogo. Ila nijibu hili: siku nikiwa na mzigo mmoja tu, boda ni ileile 3,000. Huyo wa peke yake nimpe nani hasara yake?

Hesabu_Kali

Chagua siku mbili za kutuma kwa wiki, uzitangaze, mfano Jumanne na Ijumaa. Mizigo itajikusanya yenyewe. Anayetaka leo leo, alipe boda nzima na aambiwe hivyo. Kisha fungua daftari lako la miezi miwili mitatu, hesabu umelipa boda kiasi gani na umepeleka mizigo mingapi, gawanya. Ikitoka 1,100 weka 1,100 kwa kila mtu, au 1,000 ukipenda namba nzuri. Kuna siku utapata, kuna siku utapoteza, mwisho wa mwezi zinafutana.

Mabegi_Sinza

Kwa kuwa mleta uzi ameuliza bei moja nchi nzima, mimi niliijaribu na nikaungua, ngoja nisimulie.

Mwezi ule nilikuwa na oda 40. Za Dar 18, wastani wa boda 5,000. Za Morogoro, Dodoma, Moshi na Arusha 12, wastani 8,000. Za mbali, Mwanza, Kahama, Songea, Bukoba, 10 kwa wastani wa 12,000. Ukijumlisha ni 306,000, gawa kwa 40 unapata 7,650. Nikaona nimepata suluhisho, nikatangaza "7,500 popote ulipo Tanzania". Like kibao, mpaka watu wa Namanyere wakanifuata.

Mwezi uliofuata wa Dar wakaanza kupungua. Mtu wa Magomeni anajua boda kutoka Sinza haifiki 7,500, ananiuliza kwa nini, namwambia ndiyo bei yetu, anasema asante, harudi. Nikabaki nao 9. Wa mbali hawakupungua, na kwa nini wapungue wakati natumia hela yangu kuwasafirishia? Piga hesabu upya: 45,000 na 96,000 na 120,000 ni 261,000, gawa kwa 31, ni 8,400 na kitu. Mimi bado nakata 7,500. Ningepandisha iwe 8,500, hao tisa wa Dar wangebaki wangapi? Bei moja inamfukuza wa karibu, na kila wa karibu anayeondoka anaipandisha kwa wanaobaki.

Sasa hivi nina kanda tatu, zimebandikwa juu kabisa ya ukurasa. Dar mteja anaelewana na boda wangu moja kwa moja, mimi sishiki hata senti. Mikoa ya kati na kaskazini bei yake, ya mbali bei yake. Visiwani tunaongea.

Kava_na_Chaji

Mnajisumbua. Mimi naandika DELIVARI BURE nchi nzima na maisha yanaenda. Bei ya kava imeshabeba kila kitu. Mtu akiona neno bure akili inalala.

Hesabu_Kali

Wewe unauza kava za simu, zote zina uzito mmoja, hamsini zinaingia kwenye kiboksi cha viatu. Kwako inakaa sawa. Kwa hotpoti hapana. Chukulia MamaVyombo ameficha 8,000 kwenye kila seti. Mteja wa seti moja sawa. Mama mwenye shughuli anachukua seti tatu: amelipa nauli 24,000, wakati mzigo wote umekwenda kwa boksi moja kubwa, labda 12,000. Mteja wako bora kuliko wote ndiye uliyemkamua zaidi. Na anayekuja dukani kuchukua kwa mkono naye kalipa nauli ya basi ambalo hakulipanda.

Kava_na_Chaji

Hapo kwa anayekuja kwa mkono umenishika. Huwa nampunguzia akilalamika.

BintiMkindu

Asalaam alaykum. Naandika kutoka Unguja, nauza vikapu na mikoba ya ukindu, baadhi ya wateja wangu wako Muscat, wana jamaa huku.

Hilo la hewa alilolisema mzee wa stendi, kwenye ndege ni mateso hasa. Kampuni za vifurushi vya kimataifa zinapima mara mbili: kilo za mzani, na kilo za ukubwa. Unazidisha urefu kwa upana kwa kimo kwa sentimita, unagawa kwa 5,000, na wanakulipisha ile iliyo kubwa. Kikapu changu kimoja kina gramu 600 tu. Boksi lake ni 40 kwa 30 kwa 30, yaani 36,000, ukigawa kwa 5,000 ni kilo 7.2. Mteja analipia kilo saba za upepo wa Zanzibar. Mara ya kwanza nilimkata kwa kilo moja, nilivyofika kaunta nikakaa kwenye ngazi nikalia.

Sasa nasuka kwa saizi nne, kila kimoja kinaingia ndani ya mwenzake. Boksi ni lilelile, kilo ni zilezile 7.2, lakini zinagawiwa kwa vikapu vinne, 1.8 kila kimoja. Mteja namwambia waziwazi: shoga yangu, kimoja kitakutoa macho, mtafute dada yako na jirani yako mchukue vinne. Wanachukua. Nauli imekuwa ndiyo inayoniuzia.

Na kwa wa bara mnaonitumia vitu: boti ikifika bandarini Malindi safari haijaisha. Mtu wa Makunduchi bado ana daladala. Mkisema "mpaka Zanzibar", semeni mpaka bandarini.

DotiMbili

Salamu kutoka Leicester, Uingereza. Nauza kanga na vikoi eBay, soko la mtandaoni, niko huku mwaka wa kumi na moja.

Huku ugomvi huu umeshaandikiwa kanuni. Zamani kuna wauzaji walikuwa wanaweka kitu kwa senti moja na posta dola nane, kwa sababu eBay ilikuwa inakata ada kwenye bei ya kitu na haigusi posta. Mwaka 2011 eBay Marekani wakaanza kukata ada kwenye posta pia, ujanja ukaisha. Mimi kama muuzaji wa biashara nakatwa kwenye jumla, hivyo nikisema posta ni pauni tatu, kuna peni kadhaa sizioni. Lazima nizikumbuke kwenye bei.

Sheria ya hapa nayo inampa aliyenunua mtandaoni siku 14 za kughairi tangu apokee, na akighairi narudisha bei pamoja na posta ya kawaida niliyomkata. Akitaka ya haraka, ile tofauti ya haraka sirudishi. Sasa nikivimbisha posta, namvimbishia mtu ambaye kesho namrudishia zote.

Kilichonisaidia hasa ni pasi. Royal Mail, posta ya huku, wana daraja la barua kubwa: isizidi sentimita 35.3 kwa 25, unene 2.5, uzito gramu 750. Ikizidi hapo hata kwa nywele inakuwa kifurushi na bei inaruka. Kuna kipimo cha plastiki chenye tundu jembamba, bahasha ikipita bila kusukumwa umepona. Doti ya kanga ukiikunja ovyo haipiti. Mimi naipiga pasi ya moto, naikunja nikiwa nimetandaza mapande yote mawili pamoja badala ya moja juu ya jingine lililokwishakunjwa, naikalia kidogo (msicheke), naiingiza kwenye bahasha. Inapita. Mume wangu ananiita karani wa posta. Na mteja simkati ya kifurushi halafu nikatuma kama barua, maana stempu inasomeka palepale juu ya bahasha, kama ile risiti ya Songea.

MswahiliWaKisauni

Mbona mnajitesa ndugu zangu? Huku Mombasa twapeleka mzigo afisi ya gari, twaandika alipe mpokeaji. Akifika kuchukua, yeye na karani wamalizane. Hapo nani atakuita mwizi?

MzeeWaStendi

Ofisi nyingine wanakubali, na kwa mteja unayemjua ni safi kabisa. Ila nilikuwa na chumba nyuma kimejaa mizigo ya "atalipa mpokeaji" ambayo mpokeaji hakutokea. Kabadilisha mawazo, kapoteza simu, kagombana na muuzaji. Siku zikipita mzigo unaanza kudaiwa na hela ya kukaa. Muuzaji akiutaka urudi, analipa kwenda, kukaa na kurudi. Kwa hotpoti ya 85,000 utafika mahali unaona bora uiache.

Mwalimu_Historia

Mzee wangu umenikumbusha kitu. Uingereza kabla ya 1840 barua kwa kawaida ililipiwa na anayeipokea, na bei ilipanda kwa umbali. Watu wakajifunza ujanja: anayetuma anaweka alama ndogo upande wa nje, mpokeaji anaitazama, anaelewa nyumbani ni wazima, anaikataa barua, halipi kitu. Posta imebeba bure. Ndipo Rowland Hill akaja na hoja kwamba mtumaji alipe kabla, kwa stempu, peni moja nchi nzima kwa barua nyepesi. Hoja yake ilikuwa kwamba barua ikishakuwa ndani ya gari pamoja na nyingine nyingi, umbali unaiongezea gharama ndogo mno, gharama kubwa iko kwenye kupokea na kugawa.

Ila hotpoti sio barua, Mabegi_Sinza asije akaanza tena.

Mabegi_Sinza

Sianzi mwalimu. Nimepona.

Mnyalukolo_84

Dada MamaVyombo, umelala? Umeamua nini na yule wa Songea?

MamaVyombo

Sijalala, nilikuwa na daftari. Nimerudi nyuma mpaka mwezi wa nane. Safari za boda 31, mizigo 88. Nimelipa 93,000, ukigawa ni kama 1,060 kila mzigo. Nilikuwa nakata tatu kila mtu. Sijaijumlisha yote niliyozidisha na naomba mtu asinijumlishie hapa.

Kuanzia kesho natuma Jumanne na Ijumaa. Kwenye statasi nitaandika bei ya hotpoti, chini yake "kufunga na kufikisha ofisi ya basi 2,500, nauli ya basi utalipa kadiri ya risiti, nitakutumia picha". Gundi na makato nimepeleka kwenye bei, seti imekuwa 86,500. Tutaona kama watakimbia.

Yule dada nimemtumia 2,250 saa mbili usiku huu na ujumbe: "Dada yangu, nimepiga hesabu upya. Boda ilibeba mizigo minne, nilikukata kama mmoja. Samahani sana." Nilikaa na simu mkononi kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Baada ya dakika tano akajibu:

"Asante dada, Mungu akubariki. Ila mbona hujaweka ya kutolea?"